Jana Mtoto Alikula Nini

Hakuna swali nililowahi kuwauliza watu mara nyingi kama hilo. Nililiuliza Kibondo miaka miwili mfululizo, katikati ya miaka ya sabini, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mbao kilicholegea mguu, daftari mezani, na nyuma ya kichwa changu bango la karatasi ngumu lililotoka wizarani. Bango lilikuwa na picha za rangi. Maharage, samaki, nyama, mayai na maziwa vilikuwa kundi la kujenga mwili. Ugali, wali, viazi na mafuta ni vya kutia nguvu. Mchicha, mapapai na machungwa ni vya kulinda mwili. Chini kabisa kulikuwa na maelezo kwamba mtoto mdogo apate kitu kutoka kila kundi kila siku, mara nne au tano, na ale kwenye sahani yake mwenyewe ili mama aone amekula kiasi gani. Maelezo hayo niliyajua kwa moyo, na niliyaamini pia.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kwetu ni Muheza, na kabla ya hapo sikuwahi kuvuka Morogoro. Nilishuka kwenye treni Kigoma na sanduku moja la bati na binti yangu mgongoni, ana mwaka mmoja na miezi minane. Tukapanda lori hadi Kasulu, tukalala, tukapanda lori jingine hadi Kibondo, na vumbi la barabara ile lilitukaa masikioni wiki nzima. Baba yake mtoto alibaki Tanga na kazi yake. Alikuwa mtu wa barua. Mwanzoni aliandika kurasa tatu, kisha mbili, kisha nusu ukurasa wa kunieleza jinsi alivyobanwa na shughuli. Sitaki kumsema zaidi ya hapo, maana habari hii si yake.

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Hata sasa nimezeeka zipo, ila magoti ndiyo yananichelewesha. Enzi hizo zilikuwa zinapanda kabla hata mtu hajamaliza sentensi. Basi fikiria msichana wa namna hiyo, amefika mji ambao watu wanazungumza Kiha tangu asubuhi mpaka jioni, Kiswahili wanakitoa kwa mgeni kama kiti cha kukaribishia, halafu yeye ndiye kapewa kazi ya kuwaambia kina mama waliozaa mara sita jinsi ya kulisha watoto.

Walikuwa wakija alfajiri kutoka mbali, wengine kutoka Gwarama, watoto wamefungwa mgongoni, miguu imejaa umande. Tulimning'iniza mtoto kwenye mizani kwa ile suruali ya turubai, analia, nasoma uzito, naweka nukta kwenye kadi. Kadi ilikuwa na mstari unaopanda. Nukta za mtoto zikifuata mstari, mama anapongezwa. Zikishuka, namkalisha na kumuuliza, jana mtoto alikula nini?

"Mayai," anasema. "Na maziwa. Na samaki. Na papai."

Kila mmoja hivyo. Nilijaza daftari. Nilikuwa nimechora safu mbili kwa rula, moja nimeandika mwongozo unasema nini, ya pili mtoto amekula nini, na miezi minne ya kwanza safu zile zilifanana kama mapacha. Watoto wa Kibondo walikuwa wanakula vizuri kuliko watoto wa mabwana wa Dar es Salaam. Ila miguu yao ilikuwa imevimba na nywele zimegeuka rangi, na mimi, pamoja na cheti changu, sikuona kwamba kuna jambo haliendi sawa hapo.

Siku moja mama mmoja alikwama. Alitaja mayai, akataja maziwa, halafu akainua shingo kidogo, akahamia upande wa kushoto, akaendelea, "Na machungwa." Nikageuka. Kichwa changu kilikuwa kimeziba picha ya machungwa. Kumbe miezi yote ile walikuwa wanasoma bango. Hawakuwa wananidanganya kwa ubaya. Mgeni amesafiri mbali, ameketi kitini, anauliza jambo ambalo jibu lake limebandikwa ukutani nyuma yake. Ni adabu gani kumnyima jibu analolitaka? Lakini mimi sikuliona hivyo. Nilivimba. Nikalibandua bango lile mbele yao wote, nikalikunja na kulitupia chini ya meza, na siku ile nilipima watoto bila kumsemesha mtu.

Baada ya hapo majibu yakawa ya kweli. Ugali wa muhogo na maharage. Ugali wa muhogo na sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga. Kiazi asubuhi. Dagaa siku ambayo wachuuzi wametoka ziwani. Safu zangu mbili zikaanza kuachana, na kwa sababu ya ujinga wa ujana nilifurahi, kwamba sasa nina kazi ya kufanya.

Jirani yangu alikuwa mama wa watoto saba. Nyumba yake ilitazamana na yangu, katikati kuna uwanja wa udongo mwekundu alioufagia kila asubuhi mpaka unang'aa. Alikuwa mnene wa sauti, mwembamba wa mwili, na aliponisalimia alisema "Mwakeye" taratibu, akingoja nimjibu kwa Kiha, na nilipokosea alicheka kwa pua. Aliniita dokta. Sikuwa daktari wala muuguzi kamili, na alilijua hilo vizuri kabisa.

Saa saba mchana watoto wake walikula uwanjani. Kikapu kimoja kipana cha ugali, bakuli moja la maharage yaliyoiva na mawese mpaka yamekuwa mekundu, na watoto wameinama pande zote. Kitindamimba wake alikuwa rika moja na binti yangu. Alikaa kati ya kaka zake wenye mikono ya haraka, yeye anafinyanga tonge moja mpaka linapoa, wao wameshamaliza bakuli. Kadi yake niliijua. Nukta zake zilikuwa zinatambaa chini ya mstari, haziinuki.

Nilimwambia. Nilimwambia uwanjani, nikamwambia kliniki. Mpe huyu mdogo sahani yake. Anaitikia, "Ndiyo, dokta," halafu kesho yake kikapu ni kilekile. Mwezi wangu wa tano pale nikashindwa kuvumilia, nikamsema mbele ya foleni nzima ya wanawake. Nilimwambia kwamba watoto wakubwa wanamla mdogo na yeye anatazama. Nilisema, "Unamuua mwanao kwa macho yako." Yeye alimvua mtoto suruali ya mizani, akamfunga mgongoni, akakaza kanga, akaenda. Wanawake walitazama chini. Nikasikia raha kidogo, ile raha ya mtu aliyesema kweli, na ikaniisha kabla ya saa sita.

Maana nyumbani kwangu mambo yalikuwa mabaya kuliko kwake.

Binti yangu alikuwa ameacha kula. Sikuona siku yenyewe ilipoanza. Safarini alikula, wiki za kwanza alikula, halafu akawa anakula vijiko vitatu, kisha viwili, kisha anafumba mdomo na kunigeuzia uso. Na mimi nilimpikia kama bango linavyotaka. Asubuhi uji wa ulezi wenye maziwa ya unga. Saa nne yai, ingawa wazee wa pale walinionya kwamba mtoto akila mayai atachelewa kusema. Mchana ugali mlaini, dagaa waliosagwa, mchicha uliokatwa mdogomdogo. Jioni papai. Alikuwa na sahani yake ya bati la rangi ya bluu, yenye ukingo mweupe, niliyomnunulia Kigoma tulipofika. Nilimkalisha kwenye mkeka ndani, nikafunga mlango, kwa sababu mama yangu aliniusia nisianike chakula cha mtoto mbele ya macho ya watu nisiowajua. Kisha nachuchumaa mbele yake na kijiko, natazama sahani inapungua kiasi gani. Ilikuwa haipungui.

Msichana niliyemwajiri kumshika nilipokuwa kazini aliniambia jambo lilelile. Hataki. Anakaa mlangoni, anachungulia ufa.

Jumamosi kliniki ilifungwa mchana. Nilikuwa nambeba hadi pale, naufunga mlango, namning'iniza kwenye mizani. Jumamosi tatu alipungua. Jumamosi ya nne alipungua tena. Kadi yake nilikuwa naitunza mimi mwenyewe sandukuni chini ya kanga, na siku ile nilikuwa nimeibeba, nikashika kalamu, nikaweka nukta juu kabisa, mahali ambapo angekuwa kama angekuwa mzima. Niliitazama nukta ile. Kwa muda nilijisikia nafuu, kama kwamba nimemlisha. Kisha nikaona haya peke yangu mle ndani, mtoto bado ananing'inia, hata kulia hakulia tena.

Ningemwambia nani? Mganga wa zahanati alikuwa mkimya na mwenye mambo yake. Wanawake nilishawatukana. Kumwandikia mama yangu kungechukua wiki tatu kufika na wiki tatu kurudi, na nilijua mtoto hana wiki sita. Usiku sikuwa nalala, nilikuwa nasikiliza anavyopumua. Nilijua watoto wanaopungua namna ile wanaishia wapi, nilikuwa nimeandika majina yao kwenye daftari jingine. Mimi ndiye niliyepaswa kujua la kufanya, na nilishafanya yote yaliyoandikwa.

Ikawa Jumapili mchana. Nilimpikia yai, akalisukuma. Nikambembeleza, nikaimba, nikamtisha. Mwisho nikamlaza mapajani, nikambana pua kwa vidole viwili ili afumbue mdomo, nikamsukumia kijiko. Akakohoa, akatapika, akanitazama. Wakati huohuo mlango ukasukumwa. Jirani alikuwa amekuja kurudisha mchi wangu.

Alisimama na mchi mkononi. Mimi mtoto nimembana, sahani ya bluu imepinduka, yai limesambaa mkekani. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu nimwambie anamuua mwanawe kwa macho. Nilingoja aseme. Angesema lolote ningemjibu, nilikuwa na hasira tele. Aliweka mchi ukutani, akachuchumaa, akashika mkono wa binti yangu na kuuzungushia vidole viwili, kwa jinsi ulivyokuwa mwembamba.

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Na unampa nini?"

Nikamtajia. Uji, maziwa, yai, dagaa, mchicha, papai. Nilivitaja kwa mpangilio uleule wa bango, na hata mimi nilijisikia nikivitaja.

"Vyakula vizuri," akasema. "Anakula na nani?"

Sikuelewa. Nikamwambia anakula na mimi.

"Wewe hapo umekula?"

"Mimi nakula baadaye."

"Basi hali chakula na wewe. Unamtazama tu." Akaniangalia kidogo, si kwa ubaya. "Kwetu hapa mtu anayetengewa chakula chake peke yake, ndani, mlango umefungwa, ni mgonjwa. Anayekula hivyo tunajua hatapona karibuni. Watoto wote wanalijua hilo, hata wadogo. Huyu wako amekaa mlangoni miezi yote hii anawaona wenzake wanakula pamoja, yeye anafungiwa. Amekuamini, mwanangu. Anajua ni mgonjwa."

Nililia. Sijui kama nililia kwa sababu ya mtoto au kwa sababu ya kuitwa mwanangu, maana tangu Muheza hakuna aliyeniita hivyo. Nikamwambia yote, nukta ya uongo pia. Nikasema naogopa atakufa. Alisikiliza, akanifuta kwa ncha ya kanga yake mwenyewe, yenye harufu ya moshi na mawese. Halafu akamwokota mtoto, akaokota na ile sahani ya bluu, akatoka navyo uwanjani.

Watoto wake walikuwa ndiyo wanaanza. Aliwasogeza kwa mguu, akamkalisha binti yangu katikati. Binti yangu alitazama mikono ya wenzake inakwenda na kurudi. Kisha akanyoosha wake, akamega tonge kubwa kupita mdomo, akalichovya kwenye maharage mpaka mawese yakamtiririka hadi kiwiko, akalila. Akamega jingine. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, nimeushika ubao. Alikula matonge manne. Niliyahesabu na sitayasahau, ugali wa muhogo na maharage, bila yai, bila maziwa, bila sahani.

Lakini mama yule hakuwa mtu wa kuacha jambo nusu. Aliniita nikakae naye kwenye kigogo. Akasema, "Na wewe uliniambia kweli. Wangu mdogo anapigwa mikono. Nilikasirika kwa sababu ulisema mbele za watu, lakini nimeona." Akaniuliza kwa nini basi sikumweleza vizuri. Akaniambia hakumpa sahani kwa sababu angekuwa amemtenga, amemfanya mgonjwa mbele ya ndugu zake, na ni mama gani anataka kumtangazia mwanawe ugonjwa? Miezi mitano nilikuwa namwita mkaidi. Kumbe alikuwa anamlinda.

Tukapatana hivi. Wadogo wawili watakula kwenye sahani moja, ile ya bluu, wametazamana, pembeni ya kikapu cha wakubwa, uwanjani mbele za watu. Mmoja hawezi kuwa mgonjwa wakiwa wawili. Yai nitaleta mimi, dagaa nitaleta mimi, maharage na mawese yake. Yai alilikubali shingo upande, akasema mwanawe akichelewa kusema nitakuja kumsemea mimi.

Na wakala. Sitasema ilikuwa siku moja. Wa kwangu aliharisha wiki ya kwanza, roho yangu ikawa juu. Wa kwake alikuwa na tabia ya kulamba samaki na kumrudisha. Lakini walishindana, walinyang'anyana, mmoja akifungua mdomo na mwenzake anafungua. Jumamosi nilikuwa nawapima wote wawili, na jirani anakuja, anasimama nyuma yangu kuangalia sindano ya mizani ingawa kusoma hakujua. Mwezi wa pili nukta zao zilianza kuinuka. Ile nukta yangu ya uongo niliikata kwa kalamu nyekundu, nikaandika kando yake ile ya kweli. Kadi hiyo ninayo mpaka leo.

Kliniki nako nilibadilika kidogo, hasira hazikuisha lakini zilipata kazi nyingine. Nilianza kuuliza maswali mawili. Jana mtoto alikula nini, na alikula na nani. Daftari langu likawa na safu tatu. Nilipata majibu ambayo sikuwa nimeyafikiria. Mtoto aliyeachishwa ziwa na kupelekwa kwa bibi asiye na meno, wanakula viazi vilivyopondwa wawili tu. Mtoto anayekula na shangazi zake wasichana, wanamlisha mpaka anachoka. Mtoto anayekula na kuku, mama yake alisema hivyo na kucheka, kwa sababu yuko shambani tangu alfajiri na anamwachia bakuli kizingitini. Huyo wa kuku ndiye aliyekuwa chini kabisa ya mstari.

Msimamizi wetu alikuja kutoka Kasulu, bwana mmoja mwenye miwani na suruali iliyopigwa pasi vikali. Alipitia daftari, akaweka kidole kwenye safu ya tatu.

"Hii ni nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia. Halafu akasema fomu ya wizara haina nafasi hiyo, na huko juu wakiona watauliza. "Andika chakula, dada. Walaji waache." Ila alipenda nilivyochora mistari, na nadhani ndiyo maana baada ya miezi sita akaniita nikafanye kazi Kasulu.

Siku ya kuondoka jirani hakulia. Alinifungia ugali kwenye jani la mgomba na chupa ya mawese. Sahani ya bluu nilitaka kumwachia, akakataa, akasema nitahitaji. Watoto wetu walikuwa wanagombania kijiti nyuma ya lori, hawajui kinachotokea. Lori lilipoanza kusogea ndipo wa kwake akaanza kukimbia nyuma, na wa kwangu akanyoosha mikono. Mama yule alimkamata wake kiunoni, na vumbi likawafunika wote. Sikumwona tena. Nilimtumia salamu mara mbili kwa watu, sijui kama zilifika.

Kasulu nilipewa nyumba yenye ua wa matofali, njia ya kwenda Heru Juu. Kulia ni ukuta wa duka, kushoto ni ukuta wa duka. Wenye maduka walikuwa watu wema wa kusalimiana, lakini walikula ndani na familia zao, na mimi sikuwa na ujasiri wa kupeleka mtoto na sahani mlangoni kwa mtu. Mchana wa kwanza nilipika wali na maharage, nikatia mawese kama ya Kibondo, nikamkalisha uani. Akauliza mwenzake yuko wapi. Nikamwambia kabaki. Akatazama ukuta, akatazama mlango, akasukuma sahani.

Kesho yake vilevile. Siku ya tatu vilevile.

Nilijua sasa ugonjwa ni nini, lakini dawa yake nilikuwa nimeiacha mwendo wa siku nzima kwa lori. Nilikaa chini mkekani, si kuchuchumaa, nilikaa kabisa. Alinitazama kwa makini. Akachovya vidole sahanini, akafinyanga tonge la wali, likamwagika nusu, akaninyooshea lililobaki.

"Kula, mama."

Hapo ndipo nilipoona. Tangu tushuke kwenye treni ile sikuwa nimekaa chini kula hata mara moja. Nilikuwa nakula wima jikoni, mabaki ya sufuria, yamepoa, kijiko chake mtoto mkononi. Kule uwanjani pia nilikuwa nakaa kwenye kigogo natazama. Watoto wote wa wilaya nilijua wamekula nini, na kama mtu angeniuliza mimi nimekula nini ningelazimika kufikiri. Nikafungua mdomo. Akanilisha. Halafu akajilisha mwenyewe, halafu mimi tena, tukaimaliza sahani ile ya bluu hivyo, mimi nalia na yeye ananikemea nisimwage.

Tulikula sahani moja mpaka alipoanza shule, na hata baadaye mara nyingi. Baba yake hakuja. Binti amekua, ameolewa mbali, ana kazi nzuri na simu anapiga kila Jumapili. Ni mimi niliyemsomesha na kumwambia aende, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Juzi nilikwenda hospitali kwa ajili ya magoti. Nimepungua, wanasema. Wakanipeleka kwa binti mmoja wa lishe, mdogo, mwenye kalamu nzuri, kiti chake hakijalegea mguu. Akafungua fomu.

"Mama, jana ulikula nini?"

Jana nilikunywa chai asubuhi. Jioni nilimega mkate nikiwa nimesimama dirishani. Nyuma ya kichwa chake kulikuwa na bango, siku hizi makundi yameongezeka na picha zimekuwa nzuri zaidi. Nikainua shingo kidogo.

"Ugali," nikamwambia. "Na samaki. Na mchicha. Na maziwa." Machungwa alikuwa ameyaziba, nikasogea kushoto. "Na machungwa."

Akaandika yote, haraka, kwa mwandiko mzuri. Mimi nilikuwa bado nimekaa, nangoja aniulize na lile swali la pili. Akageuza ukurasa, akatazama mlangoni, akaita anayefuata.